Utata wa filamu si ruhusa ya kusema lolote

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walinena wahenga. Nimeikumbuka methali hii baada ya kuitazama tena filamu ya Don't Look Now, iliyoelekezwa na Mwingereza Nicolas Roeg mwaka wa 1973 kutokana na hadithi ya Daphne du Maurier. Kila niitazamapo na wanafunzi, swali huwa lile lile: "Mwalimu, maana yake hasa ni nini?" Baadhi hutaka jibu moja walinakili daftarini. Wengine hushikilia kuwa kazi ya sanaa ikiwa na utata, basi kila mtu ana haki ya kuifasiri apendavyo. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yamepotoka.

Kisa chenyewe ni hiki. John na Laura Baxter wanafiwa na binti yao mdogo, Christine, anayezama kidimbwini nyumbani kwao Uingereza akiwa amevaa koti jekundu la mvua. Katika hadithi ya du Maurier, mtoto huyo anauawa na homa ya uti wa mgongo. Ni Roeg aliyeyaleta maji. Baadaye wazazi hawa wako Venice, mji wa mifereji, ambako John anakarabati kanisa kongwe. Huko wanakutana na wanawake wawili, mtu na dada yake. Mmoja wao, ambaye ni kipofu, anamwambia Laura kuwa amemwona Christine ameketi baina ya wazazi wake, akiwa na furaha tele. Laura anafarijika. John anakataa katakata: mtoto amekufa, basi.

Hapo ndipo fumbo linapoanza. Laura anarejea Uingereza kumwona mwanawe wa kiume aliyeumia shuleni. Punde si punde, John anamwona mkewe akipita mferejini ndani ya mashua, kavaa nguo nyeusi, yu pamoja na wale wanawake wawili. Anakimbilia polisi. Kumbe Laura yuko Uingereza salama salimini! Mwishoni John anamfuata gizani kiumbe mdogo mwenye koti jekundu. Kiumbe huyo anapogeuka, ni mwanamke mzee mwenye kisu, naye anamuua John. Kisha tunaiona mashua ile ile, na wanawake wale wale watatu. Ni mashua ya maziko ya John.

Filamu hii hunivutia kwa sababu ya kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha wakati. Msikilizaji hujua kama jambo limepita, linatendeka au lingali mbele. Picha haina kiambishi. Mashua ile haikuandikwa "li", wala "na", wala "ta". John aliisoma kwa "na", akasema Laura anapita. Ilistahili kusomwa kwa "ta": Laura atapita. Macho ya John hayakumdanganya. Alichokosea ni ufasiri, na kosa hilo likamgharimu uhai.

Sasa turudi kwa wanafunzi wetu. Sentensi "Juma alimpigia Asha mpira" ina utata, kama kila mtahiniwa ajuavyo. Huenda Juma aliupiga mpira kuelekea kwa Asha, au aliupiga kwa niaba yake. Hata hivyo, hakuna awezaye kudai kuwa Juma alimwimbia Asha wimbo. Utata una mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na matini yenyewe.

Vivyo hivyo katika filamu. Wapo wasemao kuwa yote ni njozi za baba aliyelemewa na huzuni. Fasiri hii inaeleza vizuri kwa nini koti jekundu linamvuta John, lakini haielezi mashua, kwani alichokiona kilitimia. Wengine husema kuwa wale wanawake ni matapeli. Kweli, Roeg anatuonyesha wakicheka faraghani bila kutuambia wanacheka nini. Lakini tapeli hawezi kumwonyesha mtu maziko yake mwenyewe. Fasiri ya tatu ni kuwa John ana kipawa cha kuona yajayo. Tangu mwanzo aliinuka kukimbilia kidimbwini kabla ya yeyote kumwita. Fasiri hii ina ushahidi mwingi zaidi, ila peke yake inamsahau mzazi.

Maoni yangu ni kuwa John anapotea kwa sababu amekikana kipawa na kilio kwa pamoja. Laura alikubali kuwa mwanawe ameondoka, akaomboleza, akapata nafuu. John alitamka kwa ulimi kuwa Christine hayupo, ilhali miguu yake ilikuwa ingali ikimkimbilia. Msomaji anayepinga hoja hii yuko huru, mradi anionyeshe picha inayoikanusha.

Hili ndilo ninalowaomba walimu wenzangu. Mwanafunzi akileta fasiri isiyomo katika mwongozo, tusimkate alama kabla ya kumwuliza: umeliona wapi? Akiwa na ushahidi, apewe haki yake. Asipokuwa nao, aambiwe wazi kuwa amebuni. Aidha, tukumbuke kuwa darasani mwetu huenda ameketi mtoto aliyezika ndugu, au mwalimu aliyezika mwana. Kwao kisa hiki si zoezi la mtihani, na huenda wao ndio watakaotuonyesha tusichokiona.