Udhibiti wa jeni na mwitikio wa mwili kwa dawa

Udhibiti wa jeni na mwitikio wa mwili kwa dawa ni mada ya famakojenetiki, yaani tawi la sayansi linalochunguza jinsi urithi wa mtu unavyoathiri utendaji wa dawa mwilini mwake. Inahusu hasa tofauti ndogo za DNA ambazo athari yake kuu si kuharibu umbo la protini, bali kuongeza au kupunguza kiasi chake. Kwa sababu ya tofauti hizo, watu wawili wenye umri, uzito na ugonjwa uleule wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akapona na mwingine akadhurika.

Jinsi jeni inavyodhibitiwa

Badiliko la jeni linalojulikana zaidi shuleni ni lile la selimundu: herufi moja ya DNA imebadilika, na hemoglobini inayotengenezwa ina kasoro. Lakini kabla ya maelekezo ya protini kuna kipande cha DNA kiitwacho promota, ambapo unakili wa jeni huanzishwa. Promota hufanya kazi kama koki ya bomba: maji ni yaleyale, ila koki ya mmoja imefunguliwa kuliko ya mwenzake. Baada ya kunakiliwa, RNA nayo hukatwa na kuungwa upya, na hitilafu katika hatua hiyo hupunguza protini vilevile.

Kiungo kinachohusika zaidi ni ini, maana huko hutengenezwa vimeng'enya vingi vinavyovunja dawa. Kimeng'enya kikiwa kichache, dawa hulimbikizana mwilini. Kikiwa kingi, huondolewa mapema mno. Kwa dawa chache, kama klopidogreli, mambo huwa kinyume, kwa kuwa haifanyi kazi mpaka ibadilishwe kwanza na ini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeni ya UGT1A1. Protini yake huandaa bilirubini, ile rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, ili itolewe kwa njia ya nyongo. Katika promota yake herufi T na A kwa kawaida hurudiwa mara 6. Wenye marudio 7 hutengeneza kimeng'enya kidogo zaidi. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba hicho ndicho chanzo cha kawaida cha sindromu ya Gilbert, ambapo macho huwa ya manjano kidogo mtu anapofunga au kuugua. Hali hiyo yenyewe haina madhara. Hatari huja mtu huyo akipata saratani ya utumbo mpana na kutibiwa kwa irinotekani, kwa kuwa kimeng'enya hichohicho ndicho kinachoondoa sumu yake. Aliyerithi marudio 7 kwa baba na kwa mama anaweza kupungukiwa vibaya na chembe nyeupe za damu. Tangu 2005 maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yanataja jeni hii.

Warfarini

Warfarini huzuia damu kuganda, na hutumiwa na watu wengi waliowekewa vali bandia za moyo. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Ikipungua, anaweza kupata kiharusi. Hufanya kazi kwa kuzuia protini inayorudisha vitamini K katika hali ya kutumika. Jeni ya protini hiyo, VKORC1, ilitambuliwa mwaka 2004. Katika promota yake baadhi ya watu wana herufi A badala ya G. Hao hutengeneza protini kidogo, hivyo dozi ndogo huwatosha. Herufi A ni ya kawaida sana Asia ya Mashariki, ya wastani Ulaya, na si ya kawaida Afrika kusini kwa Sahara.

Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makubwa ya kupanga dozi kwa kupima jeni. Lile la Ulaya lilionyesha manufaa. Lile la Marekani halikuonyesha, na kwa wagonjwa weusi dozi zilizopangwa kwa jeni zilifanya vibaya kuliko zile za kawaida. Kanuni iliyotumika haikuhesabu aina za jeni ya CYP2C9 zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo kipimo kilichotungwa kwa kuchunguza watu wa bara moja hakifai kuhamishiwa kwingine bila kuhakikiwa.

Efavirenzi

Kwa miaka mingi efavirenzi ilikuwa sehemu ya matibabu ya kwanza ya VVU katika Tanzania, Kenya na Uganda. Huvunjwa hasa na kimeng'enya cha CYP2B6. Katika nafasi ya 516 ya jeni hiyo, herufi T badala ya G hubadilisha kipande kimoja cha protini, lakini athari kubwa ni kwamba RNA huungwa vibaya na kimeng'enya hupungua. Herufi hiyo ni ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya. Mwenye T mbili anayemeza miligramu 600 kila siku huwa na dawa nyingi mno katika damu, na anaweza kupata kizunguzungu, ndoto za kutisha au huzuni kali. Mgonjwa wa namna hii akiacha dawa, si haki kumwita mkaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri kuwa chaguo la kwanza. Dawa hiyo huondolewa hasa na UGT1A1, jeni ileile ya sindromu ya Gilbert. Wenye marudio 7 huwa nayo nyingi kidogo katika damu, lakini si kiasi cha kulazimu dozi ibadilishwe.