Habari za mji mdogo ni amana: tuziandike kabla mashahidi hawajaondoka

 Juma hili tunawaletea habari za kwetu mkoani Mara ambazo aghalabu haziingii katika magazeti makubwa wala hazisomwi redioni. Si habari za viongozi wala za mikutano. Ni habari za nani kaoa, nani kajaaliwa mtoto, nani katangulia mbele ya haki, na nani katoa kiwanja kwa ajili ya Allah.

Musoma, Bunda na Butiama, habari za namna hii hutangazwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Katibu husimama na karatasi yake, waumini husikiliza na kuitikia dua, kisha kila mmoja hurejea dukani, shambani au mwaloni. Karatasi ile hukunjwa na kutiwa katika mfuko wa kanzu. Siku mbili tatu baadaye kanzu hufuliwa, na habari huishia hapo.

Sisi tunaofanya kazi za kamati ya msikiti tumeona kwamba habari iliyofuliwa pamoja na kanzu huweza kuwa, baada ya miaka ishirini, haki ya mjane, haki ya yatima au haki ya msikiti wenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vyema tuandike juu ya jambo linaloonekana dogo: daftari.

MIJI YA WATU WANAOHAMA

Anayetaka kuelewa kwa nini jambo hili lina uzito kwetu, kwanza aitazame riziki ya watu wa Mara. Musoma imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, na wengi wa vijana wetu ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa katika usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na leo nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru yake hutanda juu ya maji yote, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na wavuvi hupumzika nchi kavu.

Hapo ndipo ilipo hekima ambayo mgeni hawezi kuijua. Siku za mapumziko ya wavuvi huangukia katikati ya mwezi wa Kiislamu, katika zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 ambazo imesuniwa kufunga. Basi ndoa nyingi za mialoni hufungwa katika siku hizo hizo, kwa kuwa bwana harusi yupo, walii yupo na mashahidi wapo. Giza likirudi, wote hurudi majini. Mwezi unaofuata shahidi mmoja huenda akawa upande wa Kibara wilayani Bunda, na mwingine amevuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe.

Wachimbaji nao wana mwenendo huo. Dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, huwavuta watu kutoka kila upande, na pakisikika kwamba pengine pametoka mawe mazuri, kambi nzima huhama. Bunda huwa na wanunuzi wa pamba wanaokuja na msimu na kuondoka na msimu. Watu hawa ni ndugu zetu: huswali nasi, huoa kwetu, huzaa kwetu, na baadhi yao huzikwa kwetu. Lakini kumbukumbu yao hutawanyika pamoja nao.

Wazee wa mkoa huu walikuwa na njia zao za kuhifadhi tarehe. Walihesabu kwa rika, kwa njaa na kwa mvua, na mara nyingi waliitia tarehe ndani ya jina la mtoto. Mfano unaojulikana nchi nzima ni wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Mwitongo, Butiama, tarehe 13 Aprili 1922. Jina lake la nyumbani, Kambarage, lilitokana na mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki wa zama hizo, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Jina hilo lilibeba habari ya siku moja kwa miaka mingi. Hata hivyo, hakimu wa leo hataki kujua kama mvua ilinyesha. Hutaka tarehe, majina na saini.

THUMUNI YA WAJANE WAWILI

Tutatoa kisa kimoja, na majina tumeyasitiri. Mvuvi mmoja alikuwa na mke na watoto mjini Musoma. Kazi ilimpeleka mara kwa mara kwenye mwalo wa upande wa Bunda, na huko akaoa mke wa pili kwa walii, mahari na mashahidi wawili. Alipofariki, ndugu zake walikaa kikao cha familia na kuandika majina ya warithi. Jina la mke wa pili halikuwamo, wala la mtoto wake mdogo. Wapo waliosema hawamjui, na wapo waliosema alikuwa hawara tu.

Mama yule alikuja akiwa katika eda, amejifunika, akiongozana na kaka yake. Hakuja kugombana. Alisema, “Mali wanaweza kuchukua. Nataka mwanangu asiitwe mtoto wa nje.” Shahidi mmoja wa ndoa yake alikuwa amekwisha kufariki, na wa pili hakujulikana alipo. Alichokuwa nacho mkononi ni picha moja ya siku ya harusi na kumbukumbu yake ya mwezi: ilikuwa siku tatu kabla ya Maulidi.

Kwa rehema za Allah, ndoa ile ilifungwa na ustadhi mwenye tabia ya kuandika. Katika daftari la shule, lile la mistari, palipatikana jina la mume, jina la mke, jina la walii, mahari iliyotolewa na iliyobaki, mashahidi wawili, na tarehe ya Hijria pamoja na ya Miladia. Mistari sita tu. Daftari lile lilipelekwa mbele ya familia, na mzee wa ukoo, baada ya kulisoma kwa muda mrefu, akasema kikao kiandikwe upya. Mirathi ilifunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ikiwa na majina yote.

Hesabu ya kisharia baada ya hapo haikuwa na utata. Marehemu aliyeacha watoto, mke wake hupata thumuni, yaani moja ya nane ya mali baada ya mazishi, madeni na wasia. Wake wakiwa wawili, hugawana thumuni hiyo hiyo kwa usawa. Mtoto wa mke wa pili ni mtoto wa marehemu kama walivyo wenziwe, hakuna wa ndani wala wa nje. Mke mkubwa, ambaye wengi walimtarajia kupinga, ndiye aliyesema kwamba deni la mahari ya mwenzake litolewe kwanza.

Tunajiuliza: ingekuwaje kama ustadhi yule hangekuwa na kalamu?

SHERIA YA DINI NA SHERIA YA NCHI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu jambo la kuandika. Allah (S.W.) ameamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na pawepo mashahidi. Mtume (S.A.W.) naye amefundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Umma uliofundishwa hivi hauna udhuru wa kuendesha mambo yake kwa kusikia tu.

Sheria ya nchi haipingani na mafunzo hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na inataka ifungishwe na mwenye leseni na iandikishwe. Ni kweli kwamba ndoa iliyotimiza masharti haibatiliki kwa sababu tu haikuandikishwa. Lakini ndoa kuwa sahihi mbele ya Allah ni jambo moja, na kuithibitisha mbele ya watu wenye tamaa ya mali ni jambo jingine.

Kadhalika, uzazi hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Wengi wetu hufanya hima ya kuzika, na hiyo ni sunna, ila baada ya hitima tunasahau cheti cha kifo. Matokeo yake, mjane anapotaka kufungua mirathi huanza kuhangaika upya, akitafuta kibali cha mazishi na barua za watendaji. Kwa wenzetu wa Butiama pana jambo la ziada: wilaya yao ilimegwa kutoka Musoma Vijijini, hivyo nyaraka nyingi za wazee wao zinataja wilaya ya zamani. Anayetafuta kumbukumbu aanze kwa kujua hilo, asije akazungushwa bure.

SITARA NA HAKI

Wapo ndugu wanaotuambia kwamba kuandika mambo haya ni kuanika siri za nyumba za watu. Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu kumsitiri Muislamu ni ibada. Lakini tunapochunguza, mara nyingi anayehofia daftari ni mwanamume aliyeoa mbali na hataki ijulikane nyumbani. Huyo hatafuti sitara. Anatafuta mlango wa kutokea, na mlango huo siku akifa humwangukia mwanamke na mtoto.

Ndoa katika Uislamu ni jambo la kutangazwa. Walima umewekwa ili watu wajue. Lililofaa kutangazwa mbele ya wapishi, wageni na watoto wa mtaani haliwezi kuwa siri mbele ya kalamu. Yaliyo ya siri kweli, kama vile sababu za ugomvi wa mume na mke au aibu za familia, hayo hatuyaandiki. Talaka tunaandika kuwa imetokea na tarehe yake, ili eda ihesabiwe sawasawa na mwanamke asibaki akining’inia, na tunawaelekeza wahusika kwenye baraza la usuluhishi na mahakama.

Wengine husema daftari huweza kupotea. Ni kweli. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kurekodiwa hadi wakati huo, na waliojenga karibu na ufukwe waliona vyumba vyao vikijaa maji. Sanduku lililo chini ya kitanda ndilo la kwanza kulowa, na ndani ya sanduku hilo ndimo watu wetu huweka vyeti. Hilo linatufundisha kuwa na nakala mbili katika nyumba mbili. Halitufundishi kuacha kuandika.

YANAYOWEZEKANA KWA KILA MSIKITI

Msikiti mdogo hauhitaji kompyuta ili kuanza. Unahitaji madaftari manne yenye jalada gumu. La kwanza ni la ndoa na talaka. La pili ni la vifo na mazishi, likitaja kaburi liko wapi na nani alisimamia. La tatu ni la watoto wanaozaliwa, ili wazazi wakumbushwe cheti. La nne ni la wakfu na michango. Hilo la nne tulisisitize: mzee anaposema mbele ya waumini kwamba kiwanja fulani amekitoa wakfu, maneno yake yaandikwe siku ile ile, atie saini au dole gumba, watoto wake wakubwa washuhudie, kisha wadhamini wa msikiti wafuate taratibu za hati. Migogoro mingi ya viwanja vya misikiti haianzishwi na maadui wa dini. Huanzishwa na wajukuu wa mtoaji, ambao hawakuwapo na hawakuonyeshwa chochote.

Katika ndoa, bibi harusi apewe nakala yake mkononi mwake, si kwa baba wala kwa mume. Tangazo la Ijumaa nalo lisikunjwe kabla halijanakiliwa. Na katibu akiondoka madarakani, madaftari yakabidhiwe kwa mwenziwe mbele ya kamati, kwa maandishi, kwa sababu ni mali ya waumini na si yake.

Akina mama wanaosoma kurasa hizi wana nafasi kubwa zaidi ya wanavyodhani. Wao ndio wanaojua nani amejifungua, nani amefiwa, na binti wa nani ameozwa mwaloni bila habari. Tunawaomba wasingoje kuulizwa. Walete habari hizo kwa kamati za misikiti yao, na waulize bila haya: “Ndoa yangu imeandikwa wapi?” Mwanamke anayeuliza swali hilo mumewe akiwa hai hamvunjii heshima, bali anamsaidia asiache dhuluma nyuma yake.

Mashahidi wa ndoa za wazazi wetu wanaondoka mmoja mmoja. Aliye na mzee nyumbani, amuulize juma hili, aandike, na alete nakala msikitini. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa waandishi waadilifu, awahifadhi wavuvi wetu usiku wa giza, awarehemu waliotangulia, na awape mayatima na wajane haki zao zikiwa kamili. Amin.

Wabillahi tawfiq.