Presha ya Macho si Siri ya Mtu Mmoja

Mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini kwetu alianza kuchukua viatu visivyo vyake baada ya swala, nasi tukafanya utani. Kisha akajikwaa kwenye kidaraja cha mahali pa kutilia udhu, alipopita kwa miaka mingi. Tulidhani ni mtoto wa jicho, tukamwambia avute subira. Ulikuwa ushauri mbaya. Alipopimwa ilibainika ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, na jicho la kushoto lilikwisha kupotea.

Tulipokwenda kumjulia hali, nduguye wa tumbo moja alitunong'oneza kwamba yeye hutumia matone kwa maradhi hayohayo tangu miaka sita. Hakumwambia yeyote, aliona ni siri ya mwili wake.

Kwa heshima zote, hapo hatukubaliani naye. Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Aghalabu haiumi, na huanza kula uoni wa pembeni. Kilichopotea hakirudi, matone na upasuaji hulinda kilichosalia tu. Na maradhi haya hutembea katika damu: mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo hatarini mara kadhaa kuliko wengine, na sisi wenye asili ya Kiafrika hutupata mapema na kwa ukali zaidi.

Mwaka 1997 wataalamu waliitambua jeni iitwayo MYOC. Nakala moja yenye hitilafu, kutoka kwa mzazi mmoja, yaweza kumletea kijana glakoma. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana hitilafu hiyo, bali mchanganyiko wa jeni nyingi zenye athari ndogondogo. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kupimwa macho.

Jeni nyingine, CYP1B1, huwapata watoto wachanga. Wazazi wawili wazima wakiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Saudi Arabia, ambako ndoa za jamaa ni nyingi, imeiona mno. Sheria imewaruhusu mabinamu kuoana, nasi hatuna neno. Lakini ukoo uliowahi kupata mtoto mchanga mwenye macho makubwa yenye ukungu, yanayochuruzika machozi na kuukimbia mwanga, umwone daktari kabla ya posa.

Watoto wa mzee wetu wamekwisha kupimwa. Wawili wameanza matone. Aliyewapeleka ni yule ami yao.