Jinsi mbofyo unavyofungua fomu ya matokeo
BAADA ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliweka mtandaoni fomu 34A za urais kutoka vituoni. Wapigakura wa Meru, yenye maeneobunge 9, na Embu, yenye 4, wakaweza kujihesabia kura.

Majedwali ya namna hiyo yaweza kuendeshwa kwa JavaScript. Badala ya kila mstari kupewa agizo lake la kusikiliza mibofyo, jedwali zima hupewa moja. Kisanduku kikibofywa, habari hupanda hadi kwenye jedwali. Programu hutambua kisanduku hicho, hutafuta mstari unaokibeba, kisha hufungua fomu yake. Hata mistari iliyoongezwa baadaye huitika. Mstari ukikosewa, msomaji huletewa kura za kituo kingine.