Sanamu Zangu Hazikuwa na Macho: mwanga, kivuli na rangi ya nyuso zetu

Juzi sokoni mmoja wenu alinisimamisha mbele ya watu: "Weye ulisoma agronomi miaka 5 yote, sasa uko unapaka batoto ba udongo?" Tulicheka, tukaachana. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani. Leo ninalijibu kwa kueleza kazi yenyewe.

Licence niliipata, kazi sikuipata. Hapa Kolwezi nikaanza kufinyanga sanamu ndogo kwa udongo wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali, na kuzichoma katika tanuru ya jirani. Zina urefu wa sentimita 7 hivi. Parokia yetu ikaniomba watu 12 wa kreshi ya Noeli. Nilimpa kila mmoja rangi zake: nguo ya bluu, uso wa kahawia, ndevu nyeusi. Pale mezani kwangu zilipendeza. Usiku wa Noeli mama mmoja wa korali aliinama mbele ya kreshi, akaangalia sana, akaniita: "Mutoto wangu, hawa batu mbona habana macho?"

Macho nilikuwa nimeyachora, tena kwa ncha ya sindano. Lakini mama alisema kweli. Ukirudi hatua tatu nyuma, kila uso ulikuwa doa la kahawia, na hukujua mchungaji ni yupi na mfalme ni yupi.

Kosa lilikuwa wapi? Mtu mzima akisimama juani, jua lenyewe linamchora: paji la uso linang'aa, macho yanaingia kivulini, kidevu kinaacha giza shingoni. Sanamu ya sentimita 7 haipati bahati hiyo. Shimo la jicho lake halifiki hata milimita 2, na mwanga wa chumbani unaingia kila upande, unafuta kivuli chote. Basi kivuli ambacho jua halikukupa, lazima ukipake mwenyewe. Siri njo hiyo.

Mimi niliielewa Lubumbashi, kwa fundi mmoja wa zile picha za shaba zinazotundikwa sebuleni. Anagonga bati la shaba kutoka nyuma, picha inatokeza mbele. Likiwa jipya linang'aa lote, na kwa sababu linang'aa lote, huoni picha vizuri. Kisha analipaka dawa yenye salfa. Salfa ikikutana na shaba inaleta weusi, na bati zima linakuwa kama limetoka motoni. Mara ya kwanza nilifikiri ameliharibu. Halafu anachukua kitambaa, anasugua pale palipoinuka tu. Weusi unabaki mashimoni, shaba inarudi kwenye vilima, na picha inasimama. Alitangulia kuweka giza, ndipo mwanga ukapata pa kukaa.

Sanamu ya udongo inafuata njia hiyo hiyo, kwa hatua nne.

Kwanza, chagua mwanga unatoka wapi, na usibadilishe njiani. Mimi ninauweka juu, upande wa kushoto kidogo. Paka sanamu nzima rangi ya giza, kahawia nzito. Ikikauka, pitisha kijivu cheupe toka juu tu. Hapo utaona mabega, kichwa na magoti vikijitokeza vyenyewe: njo ramani yako.

Pili, weka rangi za kawaida, nyepesi, ili ramani ionekane kwa chini.

Tatu, mimina kivuli. Changanya rangi ya giza kidogo na maji mengi, kisha tone moja la sabuni. Wenzangu wa agronomi watanielewa: dawa ya maji matupu kwenye jani la kabichi inajikusanya matone na kuanguka, lakini ukitia sabuni inatandaa na kushika. Rangi nayo ni hivyo. Inateremka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo, kati ya vidole, chini ya nyusi. Ikijaa kupita kiasi, ifyonze kwa pinso kavu. Halafu subiri ikauke kabisa. Haraka hapa inaharibu kazi yote.

Nne, rudisha mwanga. Chukua pinso ya zamani, ichovye kidogo kwenye rangi iliyo nyepesi kuliko ya kwanza, uifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu tena, kisha ipitishe juu ya sanamu taratibu. Itagusa vilima tu. Mwisho, kwa pinso nyembamba, weka mistari michache: ncha ya pua, mfupa wa shavu, ukingo wa nguo. Michache, nasema. Ukiweka mwanga kila mahali, umerudi kwenye lile bati jipya.

Sasa uso, maana hapa wengi tunaanguka. Ili kuangaza ngozi nyeusi, mimi nilitia rangi nyeupe ndani ya kahawia. Nilipata majivu: watu wangu wakawa kama walioga asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6 wakasahau kupaka mafuta. Ngozi yetu haiangazi namna hiyo. Angalia mtu karibu na moto jioni: shavu lake linaelekea manjano na rangi ya chungwa, na kivuli chake kinaelekea bluu. Basi kwa mwanga tia manjano ya udongo, halafu chungwa kidogo. Kwa kivuli tia bluu kwenye kahawia, usikimbilie nyeusi tupu. Nyeupe ibaki nukta moja ya mwisho, ndogo kama punje ya chumvi. Na jicho lianze na shimo la giza, ndipo mstari mwembamba usio mweupe sana, ndipo nukta.

Mtu atasema: rangi ya maji inakauka haraka, nitaunganishaje kivuli na mwanga? Usihangaike kuunganisha. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mmoja wa wachoraji wake alikuwa Mwenze Kibwanga. Picha zake zimejaa mistari mifupi, ya giza na ya mwanga, inayolala bega kwa bega. Karibu ni mistari tu. Ukirudi nyuma, jicho lako linaichanganya lenyewe, na unaona mwili wa mviringo.

Kabla ya kutoa sanamu nyumbani, ipige picha kwa telefone, uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama uso na nguo vimekuwa kijivu kimoja, kazi haijaisha, hata rangi ziwe nzuri namna gani.

Noeli iliyofuata niliongeza mtu wa 13: krezeri, mchimbaji wa kwetu, mwenye taa kichwani na jiwe la malakiti mkononi. Unawajua vijana hao, wanapita barabarani na vumbi la rangi moja toka nywele mpaka viatu, na hakuna anayetazama sura. Kwake mwanga haukutoka juu. Taa yake inapiga mikono na jiwe, kisha inarudi kidogo usoni kutoka chini. Mgongo wote niliuacha gizani. Nilimfuta na kumpaka upya mara tatu.

Mama yule wa korali alikuja tena, akainama. Mtoto wake naye anachimba, hilo sikulijua. Akasema polepole: "Huyu iko anaangalia Mutoto." Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza.

Kwa hiyo ndugu uliyeniuliza sokoni, jibu langu ni hili. Kazi ya shamba bado ninaitafuta, na barua bado ninaandika. Lakini agronomi ilinifundisha kutazama jani mpaka lioneshe kinachomuuma mmea, na jicho lile lile njo ninalolitumia hapa. Ukitaka kujaribu, anza na sanamu moja tu. Na usiogope kuipaka giza kwanza.