Pikipiki ya mtumba imepita ukaguzi: je, inatosha kutoa pesa?

Msikilizaji wetu mmoja alituletea swali. Kaka yake anaishi Uingereza na anataka kununua pikipiki ya mtumba ya kwendea kazini. Ni ile aina kubwa iitwayo kruza: kiti kiko chini, usukani umeinuka, na miguu ya dereva hukaa mbele. Muuzaji amemwambia, "Imepita ukaguzi wa mwaka, haina tatizo." Familia inachanga pesa. Je, maneno hayo yanatosha?

Jibu letu kwa ufupi: hapana. Kupita ukaguzi ni jambo jema, lakini cheti hakisemi yote. Tueleze kinasema nini, kwa sababu somo hili linamfaa pia anayenunua bodaboda ya mtumba huku kwetu.

Ukaguzi wenyewe ukoje?

Nchini Uingereza ukaguzi huo huitwa MOT, herufi zilizotokana na jina la zamani la Wizara ya Uchukuzi. Ulianza mwaka 1960. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, pikipiki hukaguliwa mara ya kwanza ikitimiza miaka 3, kisha kila mwaka. Kazi hiyo hufanywa na gereji zilizopewa kibali na serikali.

Fundi huangalia taa, indiketa, honi, breki, tairi, magurudumu, usukani, shokapu, fremu, bomba la moshi, cheni au mkanda wa kuendesha gurudumu la nyuma, na namba ya usajili. Tangu Mei 2018, kasoro hugawanywa kwa uzito. Ikiwa kasoro ni ya hatari au ni kubwa, pikipiki imefeli. Ikiwa ni ndogo, inapita lakini mwenyewe anatakiwa kuitengeneza mapema. Fundi anaweza pia kuandika tahadhari, kwa mfano kwamba tairi linakaribia kuisha.

Pikipiki hufaulu kuliko magari

Kwa jumla pikipiki hufanya vizuri katika ukaguzi huo. Zinazofeli mara ya kwanza ni chini ya 1 katika kila 5, ilhali magari madogo yanayofeli ni zaidi ya 1 katika kila 4. Sababu mojawapo ni kwamba Waingereza wengi huendesha pikipiki siku za jua tu, na baridi ikija huifungia ndani.

Sababu inayoongoza kufelisha pikipiki ni taa na indiketa. Balbu imeungua, taa ya breki haiwaki, au taa kubwa inamulika juu mno. Breki, tairi, usukani na shokapu navyo huangusha nyingi. Mengi ya hayo mwenye pikipiki angeweza kuyaona mwenyewe kabla ya kwenda kwa mkaguzi.

Kruza ina mambo yake. Wenye pikipiki hizi hupenda kuzirembesha. Mmoja hubadilisha bomba la moshi ili lingurume. Likiwa na maandishi yanayosema si la kutumika barabarani, pikipiki inafeli. Mwingine huweka usukani mrefu zaidi, na mpira wa breki unavutika kila anapokata kona. Mwingine hufunga indiketa ndogo ambazo hazionekani vizuri. Kwa hiyo kruza iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani huwa haina shida sana kwa mkaguzi. Ile iliyobadilishwa sana ndiyo ya kuangaliwa kwa makini.

Cheti kisichokuambia

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Ukaguzi wa MOT haupimi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Pikipiki inaweza kupita asubuhi na injini ikafa jioni, na mkaguzi hana kosa.

Tena, cheti ni hukumu ya siku moja. Pikipiki iliyopita miezi 10 iliyopita imeshatembea sana tangu siku hiyo, au imekaa tu bandani. Kukaa nako kuna madhara: breki hushika kutu, betri hufa, na mpira wa tairi hukauka na kupasuka.

Ushauri wetu kwa kaka huyo ni huu: asiulize tu kama imepita mwaka huu, aangalie historia yote. Kwa kuandika namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, mtu yeyote anaweza kusoma bure matokeo ya kila mwaka, tahadhari zilizoandikwa, na maili zilizosomwa kwenye mita. Ikiwa maili za mwaka huu ni chache kuliko za mwaka jana, kuna jambo la kuuliza. Ikiwa tahadhari ileile ya tairi au breki imerudiwa miaka 3 mfululizo, ujue mwenyewe hakuwa mtu wa kutunza.

Nawe kijijini, kagua hivi

Huenda pikipiki unayonunua haina historia ya namna hiyo. Hilo lisikufanye uuziwe mbuzi kwenye gunia. Mambo anayoangalia mkaguzi wa Uingereza unaweza kuyaangalia kwa mikono yako, mchana, kabla pesa haijatoka.

Washa taa zote. Bonyeza breki ya mbele kisha ya nyuma, uone kama taa ya nyuma inawaka kwa kila moja.

Tazama tairi. Uingereza inataka kashata zisipungue milimita 1 kwa pikipiki inayozidi saizi ya cc 50. Kisha tafuta tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwenzako aikandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Zungusha usukani kulia na kushoto. Ukikwama au ukigonga, beringi zimekwisha. Tikisa gurudumu pembeni, halitakiwi kucheza.

Kandamiza shokapu za mbele mara kadhaa, kisha pitisha kidole. Ukikuta oili, sili zinavuja.

Mwisho, injini. Fika kabla haijawashwa, uiguse. Ikiwa tayari ni ya moto, huenda muuzaji ameipasha ili usijue kwamba inasumbua kuwaka. Iwashe mwenyewe, sikiliza, tazama moshi, kisha uiendeshe ukibadilisha gia zote. Ukiweza, nenda na fundi unayemwamini. Malipo yake ni madogo kuliko hasara.

Linganisha pia namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi. Zisipolingana, usilipe.

Kwa kaka aliye Uingereza na kwako uliye kijijini, neno letu ni moja: cheti kikusaidie kuuliza maswali, kisikuzuie kuangalia. Breki ikikataa mteremkoni, karatasi haitakusimamisha.