Mistari tano za kuhesabu minere

Kwenye depo, hesabu inapita mbio. Magunia yanapanda kwenye balansi, metorex inatoa teneri, negosia anakata asilimia ya maji, anabonyeza-bonyeza mashini yake, anasema bei. Mchimbaji aliyeshinda siku tatu ndani ya shimo anapokea falanga, anatoka. Nyumbani mama anauliza: «Maji walikata kilo ngapi?» Hakuna mwenye kujua.

Hesabu hiyo njo tunapendekeza kwa kijana wa nyumba anayetaka kujifunza kuandika programu. Mara mingi mtu anaanza na masomo marefu, anakopia mifano ya watu wengine, na kisha wiki mbili anaacha. Heri aanze na kitu kidogo chenye kazi. Hesabu ya depo ni fupi, na jibu lake baba anaweza kulihakikisha na bik na karatasi.

Luga ya kuanza nayo ni Python. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuiandika mwisho wa mwaka 1989, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Jina halikutoka kwa nyoka; lilitoka kwa wachekeshaji wa Uingereza walioitwa Monty Python. Luga haina malipo. Na ordinateri si lazima: kwenye telefone ya Android kuna Termux, nayo ya bure, inayofungua ukurasa mweusi wa kuandikia amri. Hakuna picha wala vibonyezo: unaandika mstari, mashini inajibu. Megabaiti zinaenda siku ya kushusha tu. Kisha pale inatumika hata pasipo rezo.

Programu yenyewe hii hapa, unaiandika ndani ya fishie yenye jina esabu.py:

kilo = float(input("Kilo ngapi? "))
maji = float(input("Maji asilimia ngapi? "))
bei = float(input("Bei ya kilo? "))
kavu = kilo - kilo * maji / 100
print(kavu * bei)

Unaandika «python esabu.py», inauliza, unajibu. Tuseme kilo 1.200, maji 8, na kwa teneri ile tablo ya depo inasema franka 900 kwa kilo (bei ya mfano tu). Maji yanakula kilo 96, zinabaki 1.104, na jibu ni 993600.0. Sasa weka maji 12 badala ya 8: 950400.0. Tofauti ni franka 43.200, na gunia hata moja halikupungua. Namba hiyo ya maji, ambayo watu wengi wanaiacha ipite bila kuuliza, njo ya kwanza kusimamia.

Mafundisho yenyewe yanakuja pale programu inakataa. Neno float, kwa mfano, mwanafunzi anaona ni la bure, analitoa. Kisha anajaribu kujumlisha gunia la 25 na la 30, na mashini inajibu 2530! Mwenye kuuza angefurahi. Sababu yake: kila kitu unachoandika kwa input, Python inakipokea kama maandishi, na maandishi mawili yanabandikwa tu moja kando ya lingine. Float njo inayoyageuza kuwa namba.

Shida ingine ni ya kwetu wenye kusoma Kifaransa. Sisi tunaandika 8,5 na virgule. Python inataka nukta, 8.5. Ukiweka virgule, inasimama na kuandika ValueError, pamoja na namba ya mstari wenye kosa. Wengi wanaogopa maneno yale ya Kiingereza na kufunga telefone. Yasome, anzia mstari wa mwisho: pale njo wanasema nini imekatala. Dawa ni kuongeza .replace(",", ".") nyuma ya input, ndani ya mabano ya float.

Kisha pale, fundisha programu kukumbuka. Kwa open, unafungua fishie ya mauzo na herufi "a", na kila siku ya kuuza inaongeza mstari wake. Angalisho: ukiweka "w" mahali pa "a", mistari yote ya zamani inafutika bila kukuuliza. Jaribu kwanza na fishie ya mchezo, si na hesabu ya mwezi mzima ya mama.

Kitu kimoja tusidanganyane. Programu haipimi. Balansi ikiwa na bongo, ao metorex ikisoma chini, mistari hii tano itahesabu bongo ile vizuri kabisa. Ila ikiwa kwenye hesabu yako na ya negosia kilo, maji na bei ni sawa, na jibu si sawa, hapo hamubishani tena juu ya balansi.

Mwenye kumaliza haya aendelee na kugawanya ndani ya ekipe. Watu saba, franka 993.600, kila mtu apate noti za mia tu: 9936 // 7 inatoa 1419, ni kusema franka 141.900 kwa kila mtu. Na 9936 % 7 inatoa 3, zile franka 300 zinazobaki. Nani anazikula, hiyo ekipe itaamua yenyewe.